Sindano Isiyo na Dawa

Kama uko Kitendaguro umekaa barazani, au uko Kamachumu unamenya ndizi za chakula cha usiku, sogeza redio karibu kidogo. Leo nina jambo linalohusu migongo na magoti, na sijui kama kuna mkoa unaochakaza migongo na magoti kuushinda huu wa kwetu wa Kagera.

Nazungumzia akupancha, ile tiba ya kuchomwa sindano nyembamba sehemu mbalimbali za mwili, ambayo wengi tunaiita sindano za Kichina. Kwetu huku habari zake hutangulia kufika kabla ya tiba yenyewe. Kijana yuko Dar es Salaam, anampigia simu mama yake: "Mama waitu, njoo huku, kuna daktari anatibu magoti kwa sindano, mwenzako mmoja ameshatupa mkongojo." Mama amepalilia kibanja ameinama tangu ujana wake. Akisikia habari ya mkongojo kutupwa, anauza kahawa yake na kukata tiketi ya basi. Sina neno na safari hiyo. Ninachotaka ni apande basi akijua anafuata nini.

Sindano ile haina dawa. Hilo ndilo la kwanza, na ukilishika hilo mengine yote yatafuata yenyewe. Sindano ya akupancha haina tundu wala bomba la kusukumia kitu. Ni uzi mgumu wa chuma kisichoshika kutu, unene wake robo milimita hivi, wakati sindano ya kuchoma dawa kwenye msuli hukaribia milimita 0.7 au 0.8. Inaingia mikono mitupu na kutoka mikono mitupu.

Nalisisitiza hili kwa sababu sisi sindano tunaiheshimu mno. Mtu akitoka zahanati na vidonge peke yake ananung'unika kwamba hakutibiwa. Mchome sindano, hata ikiwa ya vitamini, anarudi nyumbani anatembea wima na kuwaambia majirani kwamba leo amekutana na daktari. Heshima hiyo tukiihamishia kwenye akupancha tutaidai isichoweza kutoa. Tutataka iue vijidudu, nayo haina cha kuulia. Tutataka tuchomwe mara moja tupone, wakati haina kipimo cha dawa ambacho mwili unaweza kukitunza wiki nzima.

Sasa utaniuliza: kama haina dawa, inafanya nini?

Wachina wenyewe wana maelezo yao ya zaidi ya miaka 2,000. Wanasema mwilini kuna nguvu iitwayo qi, inayopita katika njia kuu 12, na ugonjwa ni nguvu hiyo kukwama au kupungua. Kwenye njia hizo kuna sehemu maalumu za kuchoma. Shirika la Afya Duniani, lilipoamua kuweka ramani moja ili kila mtabibu asichore ya kwake, lilikubali sehemu 361. Moja maarufu iko chini ya goti upande wa nje, upana wa vidole vinne kutoka kwenye pia ya goti. Nyingine iko upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo cha mkono, katikati ya zile kano mbili, nayo hutumika kutuliza kichefuchefu.

Watafiti wa maabara hawakuiona hiyo qi, lakini waliona kitu kingine. Miaka ya 1970 Han Jisheng kule Beijing, akitumia sungura, na Bruce Pomeranz kule Toronto, akitumia panya, walionyesha kwamba mnyama akichomwa sindano mwili wake hutoa kemikali zake wenyewe za kupunguza maumivu, ndugu wa mofini. Pomeranz alipompa panya dawa inayozuia mofini kufanya kazi, nafuu ya sindano ikatoweka. Kwa maneno mengine, dawa ilikuwa ndani ya panya, na sindano ilikwenda kubisha hodi tu.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini tiba hii ina jina zuri katika maumivu na kichefuchefu, na kwa nini jina hilo linafifia kila tunapoondoka hapo. Maumivu ya mgongo ya muda mrefu, goti lililochakaa, shingo, kichwa kinachouma mara kwa mara, kichefuchefu baada ya upasuaji au baada ya dawa za saratani: haya ndiyo mambo ambayo utafiti umeyapa akupancha nafasi. Uingereza, taasisi inayoshauri hospitali za serikali yao ilikubali mwaka 2012 kwamba wagonjwa wa kipandauso na wa kichwa kinachouma kwa mkazo wapewe hadi mara 10 katika wiki 5 hadi 8. Taasisi hiyohiyo mwaka 2016 iliiondoa akupancha kwenye matibabu ya mgongo, halafu mwaka 2021 ikaikubali kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana. Ukiona wataalamu wanakwenda mbele na kurudi nyuma namna hiyo, jua kwamba faida ipo ila si kubwa kiasi cha kunyamazisha ubishi.

Acha nikupe mfano mmoja nilioupenda kwa ukweli wake. Ujerumani walichukua wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno. Wakawagawa makundi matatu. La kwanza lilichomwa sindano sehemu zilezile za Kichina. La pili lilidanganywa: lilichomwa juujuu tu, tena mahali ambapo hapamo kwenye ramani. La tatu lilipewa matibabu ya kawaida, vidonge na mazoezi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6. Kundi la vidonge na mazoezi, asilimia 27.4. Hapo akupancha imeshinda mchana kweupe. Na lile kundi lililodanganywa? Asilimia 44.2.

Umesikia? Waliochomwa pasipostahili walipata nafuu karibu sawa na waliochomwa panapostahili.

Wapo wanaosema basi hii ni tiba ya imani tu. Mimi siendi huko moja kwa moja, kwa sababu maumivu ya kiuno yaliyopungua yamepungua, na mtu aliyekuwa hawezi kuinama kupalilia sasa anainama. Ninachokiona katika hesabu hizo ni jambo linalouhusu mfuko wako. Akitokea mtabibu akakwambia yeye peke yake ndiye anayejua sehemu za siri, kwamba babu yake alimwachia ramani ambayo wengine hawana, na kwa sababu hiyo bei yake ni mara tatu ya mwenzake, mkumbuke huyo Mjerumani aliyechomwa kokote akapata nafuu. Lipia usafi, lipia mafunzo, lipia muda wa mtu anayekusikiliza bila kutazama saa. Siri usiilipie.

Jambo la mara moja na la mara kumi nalo lina maneno yake. Mtafiti Elisabeth Hsu wa Oxford alikaa na wagonjwa wa kliniki za Kichina hapa Tanzania, na mwaka 2002 akachapisha makala ambayo kichwa chake kinasema wazi kile wagonjwa walichomwambia: dawa ya kutoka China inafanya kazi haraka. Huko ni kwenye dawa za vidonge, siyo kwenye sindano. Wale Wajerumani niliowataja walichomwa mara 10, mara 2 kwa wiki, nusu saa kila mara. Kwa mtu wa Masaki au Kariakoo hiyo ni nauli ya daladala. Kwa mtu wa Kitendaguro ni habari nyingine kabisa. Ukienda Mwanza kwa meli unalala majini usiku mzima. Ukienda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na ukifika unahitaji mahali pa kulala wiki tano. Piga hesabu ya chakula na ya kibanja kilichobaki bila mtu. Kisha uliza kama fedha hiyohiyo isingetosha kumlipa mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali iliyo karibu nawe akufundishe namna ya kuinama, kubeba mkungu na kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo. Kwa kiuno cha kawaida cha mkulima, mimi ningeanza huko, na sindano ningeifikiria baadaye. Kama tayari una mtoto mjini na chumba kipo, basi nenda, ila nenda ukiwa na nafasi ya kurudi kliniki mara zote. Kuchomwa mara mbili ukarudi nyumbani ni kutupa nauli. Na mkubaliane mapema na mtabibu: kufikia mara ya tano au ya sita kama hakuna badiliko lolote, mnaacha.

Kuna wagonjwa wengine ambao habari zao zinanisumbua zaidi kuliko za magoti.

Kwanza ni yule anayeamka asubuhi mdomo umekwenda upande, jicho halifungi. Huku kwetu mtu wa namna hiyo husemwa amepigwa, na watu wakakaa kumtafuta aliyempiga. Siku hizi wenye uwezo wanamkimbiza kwenye sindano za Kichina. Msikilizaji, mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni kiharusi, na kiharusi huhesabiwa kwa saa. Kama si kiharusi, huenda ni ule ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa usoni, na huo una dawa ya vidonge iliyothibitishwa, prednisoloni, ambayo inafaa sana ikianzwa ndani ya saa 72. Saa hizo zikiliwa na safari ya kutafuta sindano, hazirudi. Sindano inaweza kusubiri, prednisoloni haisubiri.

Kisha aliyekwisha kupata kiharusi, ambaye mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea. Ndugu wanahangaika, na kila mtu ana anwani ya mganga. Hapa utafiti wa akupancha haujatoa jibu la kuegemea. Kinachojulikana kusaidia ni mazoezi ya kila siku, mapema na bila kuchoka, pamoja na kudhibiti presha ili kiharusi cha pili kisije. Ukitaka kuongeza sindano juu ya hayo, ongeza. Ukiiweka mahali pa hayo, umemnyima mgonjwa mguu wake.

Halafu wenye dawa za kudumu: ARV, dawa za kifua kikuu, sukari, presha, kifafa. Sindano isiyo na dawa haiwezi kuchukua nafasi ya dawa. Nchi hii imeshaonja jambo hilo. Mwaka 2011 maelfu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na zikatoka taarifa za wagonjwa walioacha ARV wakiamini wamepona. Tulio Kagera hatuhitaji kufundishwa hilo linaishia wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania waliripotiwa katika mkoa huu, mwaka 1983, na kabla jina lake la kitabibu halijajulikana huku watu wetu walikuwa wameshaupa jina la kitambaa cha mtindo kilichovuka kutoka Uganda: Juliana. Kuna nyumba ambazo hadi leo zina makaburi mengi kuliko watu.

Hapo Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula tu, kuna mfano mwema wa namna ya kufanya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Mmarekani Richard Mandell ulianza kuwafundisha wauguzi, wakunga na matabibu wa Uganda kuchoma sindano ili kupunguza maumivu na madhara ya dawa kwa wagonjwa wao. Na shirika la Moxafrica la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 2008, lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere kujaribu kupasha joto ngozi ya wagonjwa wa kifua kikuu kwa majani makavu yanayochomwa, tiba ambayo ni pacha wa akupancha. Zingatia walivyofanya: kila mgonjwa aliendelea na dawa zake za kifua kikuu. Hakuna aliyeambiwa aache. Kwa hiyo mtabibu akikwambia, "Ukianza na mimi, zile za hospitali weka pembeni," huna haja ya kubishana naye. Vaa viatu uondoke.

Sasa tuje kwenye usafi, na hapa naomba usitoke kwenda kuangalia sufuria.

Kitu kinachopenya ngozi yako na kugusa damu yako, kisha kikapenya ngozi ya mwenzako, kinabeba kile kilichomo ndani yako. Watu wa Bukoba tulikumbushwa hilo Machi 2023, homa ya Marburg ilipotangazwa katika wilaya yetu, watu 6 wakafa kabla haijatangazwa kwisha mwanzoni mwa Juni. Na miaka ya nyuma kidogo tulijifunza kuogopa wembe mmoja wa kuchanjia chale ukoo mzima. Akupancha haiepuki sheria hiyo kwa sababu tu inafanywa na mtu aliyevaa koti jeupe. Mwaka 1984, Rhode Island huko Marekani, wagonjwa 35 wa kliniki moja walipata homa ya ini aina B kutokana na sindano za akupancha. Kirusi cha homa hiyo ni kigumu: kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 kikiwa bado kina nguvu ya kuambukiza.

Kwa hiyo sindano iwe ya kutumika mara moja. Iwe kwenye pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Ikishatolewa mwilini itupwe kwenye kile kisanduku kigumu cha njano cha vitu vyenye ncha kali, usione inarudishwa kwenye sahani. Mtabibu anawe mikono. Kama atakwambia sindano zake ni za fedha, au zilibarikiwa, au huzichovya kwenye spiriti na hivyo ni safi, jibu ni lilelile la viatu. Spiriti ya kuchovya haitoshi. Na usione haya kuomba kuiona pakiti. Mtabibu aliyefundishwa atafurahi umeuliza. Anayekasirika ameshakujibu.

Kwa haki lazima niseme pia kwamba tiba hii, ikifanywa na aliyefundishwa, ni miongoni mwa zisizo na hatari kubwa. Uingereza, mwaka 2001, jarida la madaktari lilichapisha hesabu ya vikao 34,407 vya akupancha: hapakuwa na madhara makubwa hata moja, na madogo yenye uzito yalikuwa 43, kama vile kuzirai, kichefuchefu, au sindano kusahauliwa mwilini. Nadhani kuna dawa za vidonge tunazonunua dukani bila kufikiri ambazo zisingeweza kujivunia hesabu hiyo.

Nani basi aliyefundishwa, na utamjuaje? Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na chini yake kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watabibu na vituo vyao. Akupancha imo kwenye tiba mbadala. Kwa hiyo ukutani pawe na cheti cha Baraza, chenye jina la mtu unayemwona mbele yako, siyo la binamu yake aliyeko Guangzhou. Kila halmashauri ina mratibu wa tiba asili na tiba mbadala, na wa Manispaa ya Bukoba utampata kupitia ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa. Watu hatuijui ofisi hiyo. Tunajua namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Njia nyingine ni hospitali za serikali zilizopokea madaktari wa Kichina. Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Timu ya kwanza ilifika Zanzibar mwaka 1964 kutoka jimbo la Jiangsu, Tanzania Bara ikapokea yake mwaka 1968 kutoka Shandong, na hadi leo wanapokezana. Ndani ya timu hizo wamekuwamo wachoma sindano, Mnazi Mmoja kule Unguja na Muhimbili. Faida ya kutibiwa humo ni kwamba sindano ikishindwa, chumba cha eksirei na daktari wa mifupa wako jengo la jirani.

Kuhusu matangazo, mimi ninayesema haya niko redioni, mahali ambapo matangazo ya waganga yamewahi kulipa umeme. Mwishoni mwa mwaka 2015 Wizara ya Afya ilipiga marufuku matangazo ya tiba asili katika vyombo vya habari, na ilikuwa na sababu. Tangazo linaloorodhesha magonjwa 40 yanayotibiwa na mtu mmoja, kuanzia vidonda vya tumbo hadi kukosa mchumba, lizime. Hata kama limepita kwenye kituo unachokipenda.

Tuseme umeridhika na yote hayo, siku imefika. Kula kwanza. Mtu mwenye njaa huzirai sindano zikiingia, hasa mara ya kwanza, na huyo mama yetu akiwa ametoka safari ya basi apumzike siku moja kabla ya kwenda. Usiende umekunywa rubisi. Vaa nguo pana inayopandishwa hadi juu ya goti na juu ya kiwiko, usije ukalazimika kuvua bila sababu. Una haki ya kuwa na ndugu chumbani, na mwanamke ana haki ya kudai hivyo bila maelezo.

Beba daftari lako la kliniki na dawa zote unazotumia. Sema kama una ujauzito, hata ukiwa mchanga, maana kuna sehemu za mwili ambazo watabibu hawazichomi kwa mjamzito, moja ikiwa ile kati ya kidole gumba na cha shahada. Sema kama unatumia dawa za kulainisha damu kama warfarini, au kama damu yako haigandi upesi. Sema kama una kifaa cha moyo kifuani, kwa sababu wengine huunganisha sindano na umeme mdogo wa betri, na huo na kifaa hicho havikai pamoja. Mtabibu atakuuliza habari za usingizi, choo na hamu ya kula, atatazama ulimi, atashika mapigo ya mikono yote miwili. Usishangae, ndivyo wanavyofanya. Lakini kama una uvimbe, homa, unakonda bila sababu, au mkojo na choo vimeanza kukutoka bila hiari pamoja na maumivu ya mgongo, hayo si ya kushikwa mapigo. Hayo ni ya hospitali, leo.

Sindano zitaingia, labda 5, labda 15. Kuingia kwenyewe ni kidogo, wengi hawahisi. Baada ya hapo unaweza kusikia uzito au mchonyoto, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Wachina hutafuta hisia hiyo. Maumivu makali ya kukata wao hawayatafuti, kwa hiyo ukiyasikia sema, usijikaze kwa adabu. Utalala dakika 20 au 30. Usigeuke, usipokee simu. Ukiinuka, inuka taratibu. Tone la damu au alama ya bluu kwenye ngozi ni kawaida, na usingizi mzito jioni hiyo pia.

Kisicho cha kawaida ni hiki: umechomwa kifuani, mgongoni juu au kwenye bega, halafu baada ya saa chache unaanza kukosa pumzi au kuchomwa na maumivu kila ukivuta hewa. Huenda sindano imegusa pafu. Hutokea kwa nadra sana, na wembamba wamo hatarini zaidi. Usimpigie mtabibu simu akakwambia ni nguvu inayotembea. Nenda hospitali upigwe picha ya kifua. Wa Muleba unaweza kuanzia Rubya au Ndolage, wa hapa mjini nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na umwambie daktari bila kuficha kwamba ulichomwa sindano, na wapi. Madaktari wengi hukosa ugonjwa kwa sababu mgonjwa aliona aibu kusema alikotoka.

Na kabla hujavaa shati, mwombe mtabibu ahesabu kwa sauti. Zilizotoka ziwe sawa na zilizoingia.